Wataalamu Waliicheka Nundu ya Rusinga, Nami Nikacheka

Admin, ficha jina langu kabisa. Mimi ni nyanya wa miaka themanini na moja, mjane, naishi Suna kwa mtoto wangu. Naandika mwenyewe, vidole bado vinajua kazi. Dada yangu mkubwa yuko Rusinga na anangoja jibu langu kabla ya Jumapili. Kila nikifikiria nilichomfanyia najichukia.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Homa Bay. Siku moja ikaja kamati ya wataalamu kutoka Nairobi. Kazi yao ilikuwa kushauri serikali ianzie wapi kuchanja watu ndui, kwa sababu dawa ilikuwa kidogo. Mabwana wanne wa suti, viatu vinang'aa, na hakuna hata mmoja aliyejua Kijaluo. Walikaa wakila mandazi na kupitia barua za machifu. Mimi niko kwa kona na mashine yangu, naandika wanayosema.

Ikafika barua ya Rusinga. Chifu alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha kujikaza kwamba watoto "wana nundu na wanakufa." Sasa Wajaluo wenzangu mnajua, kwetu nundu ndiyo ndui yenyewe. Lakini kwa Kiswahili nundu ni ile ya mgongoni mwa ng'ombe. Mwenyekiti akasoma kwa sauti, akaangua kicheko. "Nundu? Hawa ni watoto ama ni ng'ombe? Wapelekewe daktari wa mifugo!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Halafu, yawa, yule mwenyekiti akapangusa mafuta ya mandazi kwa hiyo barua! Mtu anakuandikia watoto wanakufa, wewe unafanya barua yake kitambaa cha vidole. Hadi leo mandazi siyagusi.

Na mimi je? Nilicheka. Ndiyo, nilicheka nao. Nilikuwa na miaka ishirini, kazi ilikuwa ya majaribio, na mwenyekiti alikuwa ameniangalia akingoja nicheke. "Andika, Rusinga hakuna ndui, iwe ya mwisho," akasema. Nikaandika. Ningesema tu, "Bwana, nundu ni ndui," wangebadilisha. Sikusema. Nilipiga chapa hiyo karatasi safi, bila kosa hata moja, nikasifiwa.

Binti ya dada yangu, Achieng, alikuwa na miaka minne huko Rusinga. Chanjo ilipofika kisiwani tulikuwa tumeshamzika. Nilimwona kabla hajafa, uso wote malengelenge, macho hayafunguki, na ile harufu, Mungu wangu, bado iko puani. Dada akanishika mkono. "Nyaminwa, mdogo wangu, wewe unakaa na wakubwa. Kwani hukuwaambia?"

"Niliwaambia," nikajibu. "Walikataa kunisikiliza."

Uongo mtupu, tena mbele ya mtoto anayekata roho! Mtu gani anafanya hivyo?

Tangu hapo dada ananiita mtu aliyepigania mtoto wake. Anasema hivyo kanisani, matangani, mpaka kwa wageni asiowajua. Mimi nainamisha kichwa, watu wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Nikijiona kwa kioo natamani kutema mate. Wale mabwana niliwatukana moyoni miaka mingi, na walistahili, lakini angalau wao hawakujua maana ya lile neno. Mimi nilinyonya nalo ziwa la mama.

Wiki jana dada akanipigia simu, furaha tele. Kitukuu wake amezaliwa, msichana, na Jumapili anabatizwa. "Nimewaambia aitwe jina lako," akasema. "Nataka nikiondoka hapa duniani, nyumba yangu ikumbuke nani alimtetea Achieng. Umekubali, nyaminwa?" Nikadanganya kwamba simu inakatika.

Nikimwambia ukweli, ni mgonjwa wa presha wa miaka themanini na tano, naweza kumuua. Nikinyamaza, mtoto asiye na kosa ataitwa kwa jina la mtu aliyecheka. Matusi yenu nitayapokea, nimeyatafuta mwenyewe. Lakini baada ya kunitukana nishaurini jamani, nimjibu nini dada yangu? Leo amepiga mara mbili, na sijashika.