Fomu Chini ya Chetezo

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kumtazama Ami Nassor, kaka mkubwa wa baba, nikamkuta nesi wa Kihindi anamfunga kidonda mguuni. "Allah awajazi kheri wazee wake waliomwacha asome," Ami aliniambia. Sikuitikia amin. Kinywani nilikuwa na tusi.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Azaiba. Jirani yetu Mkorea, mke wa injinia, alituletea picha ya bibi yake kavaa gauni na kofia nyeupe. Nilidhani ni bi harusi. Kwa Kiarabu chake cha sokoni akatueleza kwamba bibi yule alikuwa katika manesi wa mwanzo kusomeshwa kwao, zama ambazo wanawake walitoka wamejigubika, na kumshika mwanamume asiye wa nyumbani ilikuwa aibu.

Shangazi Zuwena aliitazama picha mpaka kahawa yake ikapoa. Jirani alipoondoka, akachomoa fomu ya chuo cha uuguzi chini ya zulia. "Kaka, nnaomba unitilie saini."

"Ukawaoshe wanaume wasiokuhusu? Nani atakuposa?" alisema Ami, akaitandika fomu mezani na kuweka chetezo cha udi juu yake. Wakubwa walicheka. Na mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha, mpaka niliposikia harufu ya karatasi inaungua.

Shangazi hakusoma, na hakuna aliyemposa. Pale hospitali alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, kashika bakuli la uji, akisubiri Ami amalize kumwombea dua binti wa watu, ndipo amlishe.