Fundi Anayefunika Nchi za Magitaa

Saa mbili na robo asubuhi, na Mama Nyuzi, fundi wa magitaa, hakai kitako. Anaizunguka meza, anashika gitaa, analirudisha, anafungua dirisha, analifunga. Mezani yamelala magitaa matano ya umeme. Kila mahali palipoandikwa jina au nchi pamefunikwa kwa selotepu ya karatasi, na juu yake ipo namba tu.

Saa tano mwalimu wa muziki anakuja kusikia jibu. Shule yake inataka magitaa kumi na mawili, na itanunua aina atakayoichagua fundi huyu. Nchi yalikotengenezwa anazijua mwalimu peke yake, maana ndiye aliyezifunika, kwa sharti la fundi.

Mama Nyuzi anajua jambo moja tu: kati ya hayo matano lipo la Japani, na limetoka duka la mdogo wake wa kiume. Chumba anachofanyia kazi ni stoo ya duka hilohilo, na halipi kodi. Mdogo wake ameshamwambia bila kumung'unya maneno kwamba shule ikichukua mengine, stoo atampangisha mtu mwingine.

"Nimekalia kuti kavu," anasema fundi huyo mwenye umri wa miaka 49. Anacheka, kisha anaanza tena kuizunguka meza.

Kazi hii ameifanya kwa miaka 22. Alianza kwa kubadilisha nyuzi za gitaa la marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga gitaa katika bendi ya hotelini. Baadaye akawa anajigamba kwamba gitaa akilishika tu anaitaja nchi yake.

Kisha akaja mteja mmoja. Mama Nyuzi alisoma mhuri kwenye shingo ya gitaa, akamhubiria robo saa nzima: huyu ni Mjapani halisi, tazama mbao, sikiliza sauti! Kumbe shingo hiyo aliifunga yeye mwenyewe miaka minne nyuma, kwenye kiwiliwili kilichotoka China, baada ya shingo ya awali kuvunjika. Mteja alitoa risiti ya kazi hiyo, yenye saini ya Mama Nyuzi.

"Niliumbuka mchana kweupe," anasema. "Kazi ya mikono yangu mwenyewe, nimeisahau! Tangu siku hiyo sipimi gitaa lenye maandishi."

Kwa wiki nzima magitaa haya yameshinda juani dirishani na kulala bafuni penye unyevu, aone shingo ipi itajikunja. Sasa anapitisha soksi ya nailoni ukingoni mwa kila shingo. Ikinasa kwenye ncha za vyuma vidogo vilivyokatiza shingo kugawa noti, basi na vidole vya mwanafunzi vitachubuka.

Halafu anabana gitaa kwenye taya lake, bila kuwasha spika, na kupiga uzi mmoja, asikie mtetemo kupitia mfupa.

"Spika inamsitiri kila mtu," anasema. "Mfupa hausitiri."

Mlango unafunguliwa. Ni mdogo wake, anatafuta ufagio. Dakika kumi baadaye anatafuta kalamu. Mara ya tatu hatafuti kitu.

"Dada, hujamaliza tu?"

"Toka! Ukilitazama lako tu, umeniharibia kazi."

"Silitazami," anajibu, macho ameyakaza darini.

Saa tano kamili mwalimu anaingia, na mwenye duka nyuma yake. Mama Nyuzi anakohoa mara mbili kabla ya kusema. La kwanza ni namba tatu. La pili ni namba tano. La mwisho ni namba mbili, ambalo shingo yake imejikunja na soksi imechanikia hapo.

Mwalimu anabandua selotepu. Namba tano ni la Japani. Namba tatu ni la Indonesia. Namba mbili nalo ni la Indonesia.

"Sasa, fundi, nchi ipi ndiyo bora?" anauliza.

"Mwalimu, bora na bovu yametoka nchi moja. Mimi nimepima magitaa, sikupima nchi. Chukua aina ya namba tatu, lakini yote kumi na mawili yapite hapa kwanza, moja moja."

Mwalimu anakubali. Mdogo mtu anatoka kurudi dukani.

"Naogopa, sikufichi," anasema Mama Nyuzi, sasa ameketi. "Huyo nimembeba mgongoni. Na gitaa lake ni zuri. Lakini si la kwanza, na mimi niliulizwa la kwanza."

Anataka kila gitaa litakalotoka dukani humo liwe na karatasi yenye saini yake, inayotaja kasoro zake, si nchi lilikotoka. Hajawahi kumwambia mdogo wake.

Haipiti nusu saa, mdogo wake anarudi na magitaa mawili. Anakwenda, anarudi na mengine, mpaka yanatimia tisa.

"Ndiyo yote niliyobaki nayo. Pima. Lenye kasoro niambie mimi kwanza."

Mama Nyuzi anasimama na kumweleza habari ya karatasi. "Kasoro nitaiandika, mdogo wangu, na mteja ataisoma. Stoo ukiitaka, nitahama. Ila sitasifia gitaa ili nibaki."

Mdogo wake anashika kitasa cha mlango, kisha anakiachia.

"Haya," anasema mwishowe. "Anza na lile jeusi. Mteja wake anakuja kulilipia kesho, aikute karatasi."