Siku Ng'ombe Wote Waliporudi

Asubuhi ile tulikuwa tunakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mimi nilikuwa nimechangamka kupita kiasi. Wakwe wa binti yangu Stella walikuwa wanakuja Jumapili, na kwetu Isingiro wakwe hawapokelewi kwa chai. Ndizi zilikuwa zimeiva shimoni mpaka zimelegea, tumezimenya, tumezimimina kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi. Wanaume wa kitongoji chetu walikuwa ndani ya mtumbwi, suruali zimekunjwa hadi mapajani, wanazikanyaga huku wanaimba. Mume wangu Anatori alikuwa katikati yao. Mtu mpole yule, mnene kidogo, na alikuwa anazikanyaga ndizi kama anaogopa kuziumiza.

"Baba Stella, kanyaga bwana!" nikamwambia. "Hizo si mayai!"

Watu wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ukungu umejaa bondeni, na juisi ya ndizi ilikuwa inachuruzika, tamu, imevuta nyuki wa kijiji kizima.

Lazima niseme kwamba tulikuwa tunacheka katikati ya vita. Redioni waliita ujambazi. Waheshimiwa waliokuja na magari waliita matukio. Sisi tuliokuwa tunaishi ndani yake tuliita vita, maana watu wale walikuwa na bunduki za kijeshi, walikuwa wanalala kwenye mapori, na walikuwa wanachagua ni kijiji gani leo. Msimu mzima walichukua ng'ombe, walisimamisha malori ya ndizi, wakampiga risasi mwalimu mmoja akiwa juu ya pikipiki. Tukaacha kwenda gulioni peke yetu. Kuchota maji tulikwenda kwa makundi. Polisi walikuwa wanakuja, lakini walifika jambo likiwa limekwisha, wanaandika, wanaondoka.

Ndiyo maana wiki ile kulikuwa na mkutano wa kijiji, na mkutano wenyewe ulikuwa wa moto. Swali lilikuwa moja: mwizi akikutwa na ng'ombe wako, umuue au usimuue? Kaka yangu Deo, aliyekuwa anakaa kilima cha pili, ng'ambo ya bonde, alisimama. Deo alikuwa mtu wa maneno, akisimama watu wanaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Akasema yeye hatauliza jina la mtu. Akimkuta na ng'ombe wa jirani yake, atampiga kwanza, maswali baadaye. Watu walishangilia mpaka mabati yakatetemeka.

Kisha akasimama mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na gobole, amelirithi kwa baba yake, na kibali anacho. Lile gobole lilikuwa ndiyo silaha yetu kubwa, wengine wote walikuwa na mikuki na mapanga.

"Ng'ombe akienda, atazaliwa mwingine," akasema. "Mimi nitapiga hewani wakimbie. Mtu sipigi."

Loo! Walimzomea. Mmoja akamwambia alitoe hilo gobole lipewe mwanamume. Mimi nilikaa pale uso unawaka. Kaka yangu anashangiliwa, mume wangu anazomewa, na wote wawili ni wangu. Njiani kurudi nyumbani Anatori alikuwa anatembea mbele, ameinamisha kichwa, nikajua maneno yale yamemwingia.

Basi, turudi kwenye rubisi. Nilikuwa nimeinama nachuja nilipomwona Gozi, mchungaji wetu, anapanda kutoka bondeni. Mtu mzima yule, ana familia yake, si mtu wa kukimbia ovyo. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja na mdomo wake ulikuwa unafunguka bila sauti.

"Wamewachukua," akasema alipofika. "Wote. Wana makoti ya mvua. Wa nyuma ana bunduki begani."

Sikusubiri amalize. Nilishika kiuno nikapiga enduru.

Enduru ndilo yowe letu la hatari. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha sahani, unaacha hata maiti ndani. Unalipokea, unalirusha kwa kilima kinachofuata, unashika ulichonacho, unakwenda. Mwanamume akisikia enduru akabaki nyumbani, kesho yake ataulizwa yuko upande gani. Na mimi Mungu alinipa koo. Nilipiga mpaka macho yakatoa machozi, nikasikia kilima cha pili kimepokea, cha tatu kimepokea, bonde zima likawa linalia.

Wanaume waliruka kutoka kwenye mtumbwi wakiwa vilevile, miguu imeganda ndizi na nyasi mpaka magotini. Kila mmoja alichana kamba ya mgomba mkavu akajifunga kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu katika vita vile, tulikubaliana vijiji vyote: mwenye kamba kichwani ni wetu. Anatori aliingia ndani akatoka na gobole, ameshashindilia baruti.

Kwa desturi wanawake hubaki nyumbani na kuiendeleza enduru. Mimi nilifunga kanga kiunoni nikawafuata. Wale ng'ombe nilikuwa nawajua kwa majina. Kuna mtamba mmoja wa kahawia, Gaju, niliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufa. Nani angenibakiza nyumbani?

Tulikimbia! Njia ya ng'ombe inazunguka kilima chote kabla ya kufika mtoni, kwa hiyo sisi tukakata katikati, tukapita migombani, tukapita kwenye kahawa, matawi yanatuchapa usoni. Nilianguka nikainuka. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na sitaficha, nilikuwa na furaha pia, maana mbele yetu tulisikia enduru imefika mpaka karibu na mto. Maana yake njia imezibwa.

"Wamezibiwa!" Gozi akapiga kelele. "Leo ni leo!"

Ndipo tukasikia bunduki.

Zile za kweli. Mlio mkavu, mfululizo.

Wote tukalala chini. Mimi niliangukia nyuma ya kichuguu, Anatori akaangukia ubavuni mwangu. Nilikuwa nasikia moyo wake, au labda wangu.

Kisha kukawa kimya kule mtoni. Enduru tu, pande zote, kila kilima.

Halafu kwato.

Ng'ombe walitokea kwenye kona, chini yetu, kwenye ukungu. Kutoka pale juu usingeweza kusema wanakwenda au wanarudi, maana njia pale imepinda kama ndoano. Tuliona migongo na pembe. Nyuma yao tukaona koti la mvua, refu, kofia yake imefunika kichwa, na kitu kirefu begani.

"Huyo!" mtu akanong'ona nyuma yetu. "Baba Stella, huyo!"

Anatori aliegemeza gobole kwenye kichuguu. Hakupiga.

"Unasubiri nini? Atatumaliza!"

"Nani wewe?" Anatori akaita. Aliita kwa nguvu zake zote, nilimsikia mimi niliyekuwa karibu naye. Lakini na ile enduru, nani mwingine angesikia?

Gaju alichepuka njiani, akaingia majanini. Yule mtu akamkimbilia. Akakishusha kile kitu kirefu kutoka begani, akakinyoosha mbele.

Anatori akapiga.

Moshi ulijaa. Ulipopungua, mtu alikuwa chini na ng'ombe wanakimbia huku na huku. Jamani, kelele zilizotoka pale! Watu walimrukia Anatori, wakamkumbatia, yuleyule aliyesema gobole lipewe mwanamume alikuwa wa kwanza kumpiga mgongoni. Mimi nilipiga vigelegele. Mume wangu aliyezomewa mbele ya kijiji amemwangusha jambazi mwenye bunduki, na Gaju wangu yule pale anakula majani. Ni nani asingepiga?

Wakati tunashuka, wakatokea kwenye kona wanaume wa kilima cha pili. Walikuwa wanatembea taratibu, mikuki mabegani, kamba za mgomba vichwani, wanacheka. Majambazi wamewaona watu wamejaa, wamefyatua risasi juu, wamewaacha ng'ombe, wametokomea kwenye mafunjo.

"Deo yuko wapi?" mmoja akatuuliza. "Ametangulia na ng'ombe wenu. Alisema anataka awafikishe yeye mwenyewe kwa dada yake."

Nilimwona Anatori anaangalia miguu yake.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Fimbo ya kuchungia ilikuwa pembeni yake, ndefu, imenyooka. Nilimvua ile kofia ya koti. Chini yake kichwani alikuwa na kamba ya mgomba, ameifunga vizuri, fundo liko nyuma, haijalegea hata kidogo. Manyunyu ndiyo yaliyomfanya ajifunike. Alikuwa ameshakata roho.

Baadaye waliniambia kwamba alikuwa shambani enduru ilipofika, akatupa jembe akasema, "Hiyo ni sauti ya Koku," akakimbia kuliko wote. Koku ndiye mimi. Sikuwaomba waniambie, lakini watu huwa wanadhani habari kama hiyo inatuliza.

Anatori hakusubiri kuitwa. Alitembea mwenyewe mpaka kituo cha polisi siku ileile, gobole mkononi, ndizi zimekaukia miguuni. Hakulia mbele yangu. Aliniambia tu, "Mama Stella, nilimuuliza ni nani." Nilitamani kumpiga, na nilitamani kumshika, na sikufanya lolote kati ya hayo. Wakwe hawakuja Jumapili ile, walikuja baadaye na kwa huzuni. Rubisi niliimwaga mgombani, mtumbwi mzima.

Kesi ilichukua muda wake. Mahakama ilisikiliza, ikaona ilivyoona, Anatori akarudi nyumbani amekonda, nywele zimegeuka rangi. Ndugu zangu walinitaka nirudi kwetu. Niligombana nao, nikagombana na Anatori, nikagombana na padri. Mwishowe nilibaki. Wanaoniuliza kama nimemsamehe huwa nawaambia waende wakalime. Vita vyenyewe viliisha askari walipoingia porini wakakaa huko mpaka wale watu wakasambaa. Sisi hatukuwa tumemkamata hata mmoja.

Sasa hivi kuna wezi wengine. Wanachuma vanila mbichi, wanakomba kahawa kwenye mikeka ya kuanikia. Juzi hapa kulikuwa na mkutano, vijana wamewaka kama tulivyowaka sisi, wanasema mwizi auawe, auawe tu, tumechoka. Nilisimama. Niliwaambia simtetei mwizi, mwizi ananitia kichefuchefu, mkimkamata mfungeni kamba mumpeleke kwa miguu mpaka kituoni nami nitakuja nyuma nikimtukana njia nzima. Lakini mwenye mali na mwizi wa mali wakikimbia kwenye ukungu, wanakimbia vilevile. Kijana mmoja akaniuliza, kwa adabu, "Shikamoo bibi, sasa tuwaache wachukue?" Nikamjibu marahaba, kisha nikamwambia ndiyo. Ikifika hapo, wachukue. Alikaa chini, lakini niliona hajakubali, na simlaumu.

Lipo jambo moja ambalo mkutanoni sikuwaambia.

Anatori aliporudi kutoka mahabusu, wifi yangu Jenista, mke wa Deo, alikuja nyumbani. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu mazishi. Alivaa nguo zake za kanisani. Nilimkaribisha ndani, akakataa. Nilimletea kigoda, akakataa. Anatori alitoka, akasimama mlangoni, mikono haijui iwekwe wapi.

"Shemeji," Jenista akasema, sauti ya kawaida kabisa, "wote walirudi?"

"Wote," Anatori akajibu.

"Nionyeshe yule ambaye Deo alikuwa anamrudisha."

Tulikwenda zizini, sisi watatu. Anatori akanyoosha kidole. Gaju alikuwa amelala karibu na lango, anacheua, ana matope ubavuni, nzi wanamzunguka machoni. Jenista alimtazama. Alizunguka upande wa pili akamtazama kutoka huko. Alichuchumaa, akamtazama usoni, na yule ng'ombe akaendelea kucheua.

Kisha akainuka, akakung'uta sketi yake.

"Ni huyu tu?" akauliza.

Anatori akasema ndiyo, ni huyu. Jenista akafunga lango la zizi vizuri, akashika njia ya kwao.