Pikapu Iliyofichwa Migombani

Marehemu mama yangu alikuwa Mluguru wa Matombo, na ndizi tulizouza Morogoro zilitoka shamba la ukoo wake. Baba alitoka Tabora kuja kufanya kazi kiwandani, akamwoa, akafungua duka. Zama za msako wa wahujumu uchumi, serikali ilipowaandama wenye maduka kwa kuficha bidhaa, aliambiwa apeleke bidhaa zake zikahakikiwe. Mtiifu yule, akabeba mwenyewe sabuni, sukari na khanga akapeleka. Hakikurudi hata kipande cha sabuni.

Baadaye biashara ikaachiwa huru, na baba akajikakamua akanunua pikapu kwa wakala mmoja mjini. Ee bwana wee, pikapu ile! Mama aliishonea vitambaa vya viti, akawa anakaa mbele na kusalimia kila mtu njiani, hata asiowajua.

Siku moja redio ikatangaza kwamba magari ya aina ile yana kasoro ya breki tangu kiwandani. Wenye nayo wayarudishe kwa wakala, yatatengenezwa bila malipo. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia. Bure! Tangu lini mtu akakwambia umpelekee mali yako, halafu akakurudishia?"

"Ni breki hizo, si sukari."

"Hata sukari walisema wanahakiki tu."

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, sikatai. Lakini baba alipitiliza. Aliipeleka pikapu Matombo, akaificha nyuma ya nyumba ya mjomba na kuifunika majani ya migomba, akisubiri tangazo lisahaulike. Mjomba ni kaka yake mama, na kwa Waluguru neno la mjomba si la kupuuza. Akamwambia, "Shemeji, gari hili si la magendo. Lipeleke." Baba akacheka. Majirani nao wakamsifu kwa ujanja, na hilo linanikera mpaka leo. Ujanja gani huo, jamani?

Tangazo likasahaulika kweli, wakaanza tena kushusha ndizi mjini. Asubuhi moja, kwenye mteremko, baba alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini na gari lisishike. Yeye alivunjika mguu. Mama tulimzika kwao, kando ya shamba lile lile. Mjomba hakumlaumu baba hata kwa neno moja, na nadhani hilo lilimuuma kuliko mguu.

Juzijuzi nami niliitwa na wakala wa kigari changu, kuna kifaa cha kubadilisha kwenye usukani. Nilikipeleka siku ile ile. Baba, mzee sasa, aling'ang'ania tufuatane. Tulikaa kwenye benchi, fimbo yake magotini, macho hayabanduki kwenye mlango walikoliingiza gari. Hata chai aliyopewa hajaimaliza, fundi akatoka na ufunguo.

"Tayari, dada. Hakuna malipo."

Baba akautazama ule ufunguo mkononi mwangu.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, baba."

"Kwa hiyo hata lile wangeturudishia?"

Nilitaka kumdanganya, Mungu ananiona. Roho iliniuma, lakini uongo haukutoka.

"Wangeturudishia, baba."

Akaweka kikombe chini, akashika fimbo, akasimama kwa shida.

"Basi nipeleke Matombo," akasema. "Nikamwambie mama yako."