Mazishi Mawili Nisiyoyawahi

Mimi ni mzaliwa wa Kigombe, pwani ya Tanga, mpishi kwa kazi. Miaka ile ya hamsini nilikuwa Moshi, nikimpikia Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa. Kaka yangu Mbwana alikuwa dereva wake. Mbwana alikuwa na maneno. Alisema mchuzi wangu ungefaa kuziba pancha.

Mchana mmoja ikaja simu: mama amefariki alfajiri. Kwetu maiti hawekwi. Tukakisia atazikwa baada ya laasiri, na kwa basi tusingewahi. Tajiri wetu alikuwa na ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe. Akatuonea huruma, akasema atatupeleka Tanga. Lakini mwenye ufunguo wa stoo ya petroli alikuwa amekwenda kula. Mbwana akamshika tajiri mkono.

"Bwana, tukingoja watamzika. Nataka nimtie mama kaburini mimi mwenyewe."

Tajiri akatazama kipimo cha mafuta. "Yaliyomo yatatufikisha," akasema.

Upepo wa baharini ulitupinga njia nzima. Tulipokaribia Pongwe, Tanga si mbali tena, injini ikakohoa, ikanyamaza. Mbwana akaniinamisha kichwa, akanilalia mgongoni. Tukaanguka katikati ya mkonge.

Nilizinduka na damu mdomoni, mfupa wa paja umetokeza nje, miiba imenijaa shavuni. Mbwana alikuwa bado juu yangu, mzito. Nilimwita sana, kisha nikaacha kumwita. Tajiri, mbavu zimevunjika, alitambaa hadi barabarani kutafuta watu. Walipofika nilikuwa nimezimia tena.

Hospitalini kidonda kilitunga usaha. Kwa harufu yake nilishindwa kula. Daktari akaniambia, "Homa isiposhuka, mguu nitaukata." Nesi mmoja wa Kibondei aliniosha kila siku, mimi nikimtukana kwa maumivu, yeye akisema, "Pole kaka, jikaze." Homa ikashuka.

Shangazi ndiye aliyeninywesha uji. Nikamuuliza kama mama alitungoja. Alilia kwanza.

"Tulimzika kabla ya adhuhuri, mwanangu. Hata simu ilikuwa haijawafikia. Hatukujua kama mnakuja."

Mbwana walimlaza ubavuni mwa mama, mimi nikiwa sina fahamu.

Leo natembea, nachechemea lakini natembea, na namshukuru Mungu na yule nesi. Nawe uliye mbali na kwenu, ikikufikia habari ya msiba, jua kwamba wapo wa kuosha na wa kuzika. Kaa chini, lia, uombe dua hapo ulipo. Safari ifuate taratibu. Mama asingetuuliza kwa nini tumechelewa.