Friji ya Kobe

Dereva huyu wa teksi walimwita Kobe kwa sababu hakuwahi kumpita mtu barabarani, hata mwenye baiskeli. Mwenyewe hakununa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kuchoma sindano, na alijua vizuri kwamba bila dawa hana siku nyingi. Ndiyo maana jua la msimu ule lilimtia hofu. Gari likiegeshwa kituoni, kufika mchana usukani haushikiki, na vichupa vya dawa vilikuwa humo humo.

Nesi alimwambia atafute kitu cha kuvihifadhi baridi. Akamwambia pia visigande, maana dawa ile ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Hilo la pili lilimkuta Kobe ameshashika kitasa cha mlango, mawazo yako kwa abiria. Mtu wa polepole kuliko wote mjini, siku hiyo ndiyo akajitia haraka!

Dukani, muuzaji alianza na kimfuko cha kitambaa kinene cha kulowesha maji. Kobe alikibonyeza, akacheka, akasema rahisi ni ghali. Akaonyeshwa sanduku la plastiki la kutia barafu. Akauliza barafu ya kila asubuhi ataitoa wapi. Mwisho ikaja friji ndogo ya kuchomeka kwenye gari, na muuzaji akatoa ndani yake chupa ya maji iliyoganda ngumu. Kobe aliigonga kwa ukucha, moyo ukamtulia. Laiti kile kimfuko kingemwangukia kichwani, maana ndicho kilichomfaa.

Alizungusha kitufe cha baridi hadi mwisho. Siku ya kwanza tu alikuta vichupa vimeganda. Akavifumbata viganjani mpaka vikayeyuka, akajichoma, na jioni akaisifu friji yake kwa mkewe, fundi cherehani, mpaka mama wa watu akashindwa kuhesabu mishono. Dawa haikugeuka rangi wala harufu.

Kisha kiu ikaanza. Alikunywa maji ya friji ile ile kadiri barafu ilivyoyeyuka, chupa juu ya chupa, abiria wakimwonea wivu. Suruali zikaanza kumvuka. Vibao vya barabarani vikawa kama vimepakwa mafuta. Mkewe alipouliza, alijibu ni joto, na hakuwa akidanganya. Aliogopa kweli, ila aliogopa jua. Akaamua kwamba joto linapenya kwenye friji, akaifunika kwa blanketi ili baridi isitoke.

Asubuhi moja alipata abiria wa safari ya mbali. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na kwenye friji ya jikoni kulikuwa na akiba yote ya dawa yake. Mkewe akamfuata garini na pakiti mkononi.

"Baba watoto, hivi nikibaki navyo vitaharibika. Tia kwenye yako, ile ina baridi ya kweli."

"Wewe ndiye daktari wangu," Kobe alisema, midomo imemkauka.

Vichupa vilikuwa vizima vyote. Mkewe mwenyewe akafungua mlango wa nyuma, akafunua blanketi, akavipanga kimoja kimoja katikati ya chupa za barafu, kisha akashusha kifuniko taratibu asije akavunja hata kimoja.