Mkwe Aliyefunika Uso

Kila mwaka nawaandikia kidato cha kwanza ubaoni kwamba utamaduni ni jumla ya mila, desturi, lugha na sanaa za jamii. Wananakili, nafuta, kengele inalia. Mtaani utamaduni ni kikundi cha ngoma kinachokodiwa kumchezea mgeni rasmi. Nyumbani kwetu Mtoni, kwa mama yangu, ulikuwa ni kumpokea mgeni: utoke mpaka mlangoni, umwamkie, uubusu mkono wake, umketishe mahali pazuri kuliko pako. Nilijiona maana zote ninazo.

Baba mkwe wangu alikuja kwetu Bunju kutoka Tukuyu kutibiwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilipika pilau, nikavaa dera jipya, nikatoka mbio hadi getini. Mzee aliponiona alivuta koti lake akafunika uso, akazunguka nyuma ya nyumba. Ndani alikataa katakata kuingia. Akakaa kwenye chumba cha uani ambacho hata lipu hatujapiga, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula.

"Mzee ana mambo yake ya kizamani," mume wangu aliniambia. "Kwao baba mkwe na mkamwana hawaonani wala hawasemezani. We mwache tu."

Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Niliwaza majirani. Mtoto wa pwani mimi, nimlaze mkwe kwenye chumba ambacho dirisha lake limezibwa kwa gunia, watu wanioneje? Kila nilipopita uani kuanika nguo, nilisikia kiti chake kikigeuzwa kuelekea ukutani, na moyo ulizidi kunichemka.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji salama. Siku ya tatu tangu wamtoe bandeji nilibeba sinia mwenyewe. Alipojua ni mimi akageukia ukuta. Nikazunguka upande wa pili, nikaweka sinia chini, nikamshika mkono na kuubusu.

"Shikamoo, baba. Mie mwanao, mbona unanikimbia?"

Alilifumba kwa nguvu lile jicho jipya, akabaki hivyo hivyo mpaka nilipomwachia. Nikarudi jikoni nimevimba, nikamwambia mume wangu kwa sauti ya kufika uani, "Baba yako hana utamaduni hata chembe."

Asubuhi mzee aliomba apelekwe stendi. Jicho la pili lilikuwa na miadi Alhamisi ya wiki ile. Mume wangu alimbembeleza mpaka akachoka.

Aliporudi kutoka stendi hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akivua viatu. "Alikuwa anakuheshimu," alisema. "Kule kwetu baba anayemkazia macho mke wa mwanawe ndiye asiye na adabu. Nilikwambia." Kweli aliniambia. Mimi, mwalimu wa somo lenyewe, niliambiwa kwa Kiswahili chepesi ndani ya nyumba yangu, nikaona ni ujinga wa watu wa bara. Na mzee wa watu alikuwa ameweka kiti chake ukutani siku zote zile kwa ajili yangu.

Mwezi uliofuata ulikuja mfuko wa mchele kwa basi. Mzee akampigia mwanawe, na mume wangu akanifikishia maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mama wa nyumba hiyo anisamehe. Nimemvunjia heshima, ameuona uso wangu."

Mchele ule nimeula kwa aibu, kijiko kwa kijiko, hadi ukaisha. Jicho la pili hajalitibu mpaka leo. Anasema moja linamtosha.

Namba yake ninayo. Mara nyingi nimeishika simu nimwombe radhi, nikairudisha mezani, maana kuisikia sauti yangu kwake ni kosa lile lile.